Ukitoka Ifakara kwenda Kitulo, chumba ukichague kwa baridi

Huku kwetu Mlabani mtu akiingia gesti huuliza mambo mawili: feni ipo, na chandarua kipo? Ni maswali ya haki. Mji wa Ifakara uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na joto na mbu tunavijua. Lakini wapo wasikilizaji wetu wanaopanda Makete, mkoani Njombe: wafanyabiashara wa viazi mviringo, wanaokwenda msibani, wazazi wanaosindikiza watoto shule, na vijana wanaotaka kuona maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Huko juu maswali ya Mlabani hayasaidii.

Kitulo ni uwanda uliokaa katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Piga hesabu: kutoka hapa umepanda zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo umepoteza karibu nyuzi 14. Usiku ambao hapa ni nyuzi 18, kule huweza kuwa 4, na mbingu ikiwa wazi hushuka zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi utakuta umande umeganda juu ya majani.

Kwa hiyo, unapooneshwa chumba, tazama juu kwanza. Chumba kisicho na dari, bati likionekana, hupoteza joto lote la mchana mara jua linapozama. Kisha tazama dirisha: wavu peke yake unafaa Ifakara, kule unataka kioo kinachofunga. Shika blanketi kwa mkono, maana likiwa na unyevu halitakupasha joto hata yakiwa matatu. Uliza maji ya moto yanapatikanaje. Hita hutegemea umeme. Gesti inayochemsha maji kwa kuni na kukuletea ndoo inaweza kukufaa kuliko yenye bomba zuri lisilotoa kitu. Runinga tunaona ni jambo la mwisho.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa limetufanya tuandike. Mgeni aliyezidiwa na baridi huomba jiko la mkaa aingize chumbani, na mhudumu mwenye huruma humpa. Usikubali. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Watu hudhani mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukiisha hakuna hatari, kumbe sumu inaendelea kutoka. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, viungo hulegea. Aliyelala usingizini anaweza asiamke tena. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko libaki nje, au ukae nalo jikoni penye dohani inayotoa moshi, kisha uende kulala bila jiko. Cha kuingia nacho kitandani ni chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, soksi, na blanketi la ziada.

Mtu wa Kilombero akiamka na kichwa kinauma, wazo la kwanza ni malaria. Inaweza kuwa kweli, kwa sababu vimelea vya mbu wa huku huchukua wiki moja au zaidi kabla homa haijaanza, na unaweza kuvibeba hadi Makete. Mweleze mganga wa kule kwamba umetoka Kilombero. Lakini kichwa huweza pia kuuma kwa sababu ya mwinuko wenyewe. Basi siku ya kwanza pumzika na unywe maji. Na kama chumbani kulikuwa na jiko, toka nje haraka, watoe na wenzako, kisha nendeni kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa selimundu aongee na daktari kabla ya safari, kwani baridi na uhaba wa oksijeni vyote vinaweza kumletea maumivu makali.

Mahali pa kulala hutegemea pia saa ya kufika. Anayesafiri kwa treni ya TAZARA anaweza kushuka Chimala, kisha kupanda gari hadi Matamba kwa ile barabara ya kona iitwayo Hamsini na Saba. Jina ni idadi ya kona zenyewe. Ukifika Chimala jioni, ushauri wetu ni kulala hapohapo chini, ambako bado kuna joto, na kupanda asubuhi. Fedha ya gesti ya usiku mmoja ni ndogo ukilinganisha na kona hizo gizani. Maua nayo yana usumbufu wake: huchanua sana kati ya Desemba na Aprili, msimu uleule wa mvua na utelezi. Basi chukua chumba Matamba au Makete mjini, ambako ukikwama kuna duka na zahanati, na uwanda uuendee mchana. Anayetaka kulala ndani ya hifadhi awaulize TANAPA kwanza.

Piga simu gesti kabla hujaondoka, na usitume fedha yote kwa chumba ambacho hujakiona. Uliza pia kama wanapika. Ukifika, agiza chakula mapema, kwa sababu kwenye mwinuko ule maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, maharage huchelewa kuiva, na anayeagiza saa mbili usiku atakula saa nne.