Maji Moto Kabla ya Kupanda: Kinga Nafuu kwa Migomba

Katika vijiji vingi vya Kisii na Nyamira, shamba jipya la migomba huanza kwa zawadi. Jirani au shemeji huchimbua machipukizi shambani mwake, na aliyepewa huyapanda jioni hiyo hiyo. Desturi hii ni njema, lakini mara nyingi machipukizi hayo huja na fukusi wa migomba pamoja na minyoo midogo ya mizizi.

Fukusi ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu. Jike hutaga mayai chini ya shina, na mabuu yanapoanguliwa hutoboa tunguu, yaani sehemu nene ya mgomba iliyo ndani ya udongo. Minyoo haionekani kwa macho, nayo huozesha mizizi. Mgomba ulioshambuliwa hutoa mkungu mdogo, na upepo ukivuma huanguka kabla ndizi hazijakomaa. Kwa familia yenye robo ekari, kosa la siku ya kupanda hulipiwa kwa miaka mingi.

Fukusi huruka kwa nadra na hatembei mbali. Njia yake kuu ya kufika shamba jipya ni chipukizi linalobebwa na mtu. Hapo ndipo anapoweza kuzuiwa, na silaha yenyewe ni joto.

Kwa nini joto hufaulu

Mayai na minyoo mingi hukaa karibu na ngozi ya tunguu. Maji yanayochemka huwaua wadudu walio nje kabla joto halijafika katikati, kwenye moyo unaochipua. Wazo hili si geni nchini. Mafundi wa majahazi huko Pwani wamekuwa wakipitisha moto wa makuti chini ya chombo kilichopwelewa, ili kuua viumbe vinavyoganda na kutoboa mbao. Kwa migomba, maji hutosha.

Hatua za kufuata

1. Chagua machipukizi yenye majani membamba kama upanga, kutoka kwa mgomba mama wenye afya.

2. Kwa panga kali, ondoa udongo, mizizi yote na ngozi ya nje ya tunguu hadi ibaki nyeupe. Chipukizi lenye matundu mengi litupwe. Kazi hii ifanyiwe mbali na shamba jipya.

3. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa au pipa. Tumbukiza machipukizi machache kwa wakati mmoja, matunguu yote yazame, kisha hesabu sekunde 30 na uyatoe. Subiri maji yachemke tena kabla ya kuingiza mengine.

4. Yaache yapoe kivulini, kisha yapande mapema. Yasilale karibu na migomba ya zamani, kwa kuwa fukusi huvutwa na harufu ya tunguu lililochongwa.

Mwenye kipimajoto anaweza kutumia maji ya nyuzi 52 hadi 55 za Selsiasi kwa dakika 20. Joto likizidi, chipukizi hufa. Likipungua, wadudu hubaki. Ndiyo maana sekunde 30 za maji yanayochemka ni rahisi zaidi nyumbani. Majirani wakichangia pipa moja na kuni, gharama hupungua. Watoto wawekwe mbali na moto.

Yasiyotibiwa na maji moto

Maji moto hayaponyi mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001 na baadaye kuingia Kenya. Hayaponyi pia ugonjwa wa Panama. Ukiona majani yananyauka au ndizi zinaiva kabla ya wakati, usichukue chipukizi hata moja hapo. Mwite afisa wa kilimo wa wadi.

Vilevile, chipukizi safi likipandwa katika udongo wenye fukusi litashambuliwa upya. Panda mahali ambapo migomba haijakuwapo kwa muda, na baada ya kuvuna katakata mashina ya zamani yakauke, kwani ndani yake ndimo fukusi huzaliana.

Zawadi ya jirani iendelee kupokewa, ila ipitie kwenye sufuria kwanza.