Ushuru wa Mtaa Urudi Mtaani

Machakos ulikuwa mji kabla Nairobi haijawa mji. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake hapo mwishoni mwa miaka ya 1880, na kwa takriban muongo mzima hapo ndipo utawala wa Waingereza katika bara ulipokaa, hadi John Ainsworth alipoyahamisha makao ya mkoa wa Ukamba kwenda Nairobi mwaka 1899. Sababu ilikuwa reli, iliyopita chini kwenye mbuga za Athi na kuuacha mji huko vilimani. Barabara kuu ya Mombasa nayo inapita Kyumbi, na treni mpya iliyoanza safari zake mwaka 2017 haikuukaribia mji hata kidogo. Kwa hiyo Machakos haikuwahi kuishi kwa wapita njia. Wateja wake ni watu wa Mutituni, Kathiani, Masii na Mwala wanaokuja asubuhi kuuza, kununua, kuhudhuria kesi au kutafuta matibabu, kisha wakarudi makwao jioni. Na tangu chuo kikuu kipewe hati mwaka 2016, wanafunzi pia. Mteja wa aina hii hushuka kwenye matatu, kisha kila shilingi anayoitumia huitumia akiwa anatembea. Mahali anapoweza kupita bila kukanyaga matope ndipo atakaponunua. Mtaro ukifurika mbele ya duka, duka hilo halina wateja siku hiyo, hata bidhaa zake ziwe za bei gani.

Ukitazama jinsi kaunti ilivyojipangia maendeleo tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mteja huyo anayetembea haonekani kwa urahisi. Gavana wa kwanza, Alfred Mutua, aliutangazia ulimwengu mpango wa jiji jipya kwenye ekari takriban 2,000. Alipoondoka madarakani mwaka 2022 jiji hilo lilikuwa bado halijasimama. Haki itendeke: si kila alichokianzisha kilibaki karatasini. Bustani ya People's Park kandokando ya bwawa la Maruba ilifunguliwa, uwanja wa Kenyatta ukafanyiwa ukarabati, na jina la Machakos likasikika mbali. Ila watu wanaokuja kutazama mpira au kupunga hewa siku ya Jumapili hawamfaidi sana fundi viatu wa Mtaa wa Mwatu wa Ngoma siku ya Jumanne. Mradi mkubwa huonekana kwenye picha na huzinduliwa kwa utepe. Kuzibua mtaro kila mwaka kabla ya mvua za Machi na za Oktoba hakuna anayekukatia utepe, na ndiyo maana kazi hiyo huachwa.

Tatizo si uhaba wa mipango. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutumika nje ya mpango ulioidhinishwa, na inadai Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano; Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka huo huo inadai mpango wa kila mwaka uwe mezani kufikia tarehe 1 Septemba, na kwamba si chini ya asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Katiba yenyewe, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Kila kitu ambacho mtaa unahitaji kiko mikononi mwa serikali moja. Lakini ndani ya serikali hiyo mtaa hukatwa vipande: taa huangukia idara hii, mtaro idara ile, soko lina idara yake, choo cha umma chake. Mtaa kama mtaa hauna mwenyewe. Benki ya Dunia iliona pengo hilo ilipoidhinisha mwaka 2017 mkopo wa dola milioni 300 kwa miji ya Kenya: fedha zililengwa kwa maeneo 59 ya miji katika kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, kwa sharti kwamba kila mji uwe na hati ya manispaa, bodi na meneja wake. Sharti hilo liliamsha sheria ya miji iliyokuwa imelala tangu 2011. Hata hivyo, fedha za mkopo hujenga tu. Kabro za njia zikishawekwa na mfadhili akaondoka, nani atazifagia, nani atairudisha ile moja iliyong'oka kabla jirani zake hazijaifuata?

Hoja yangu ni kwamba jibu liko kwenye ushuru ambao wafanyabiashara hao hao tayari wanalipa. Sehemu maalumu ya ada za leseni, soko na maegesho zinazokusanywa katika mtaa irudi katika mtaa huo, kwa matengenezo, na kiasi chake kibandikwe pale pale sokoni ili kila mlipaji akisome. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Taifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria biashara ndogo na za kati nchini kuwa milioni 7.4, na kati ya hizo ni takriban milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Wapo wanaosoma takwimu hizo kuwa ni ukaidi wa wananchi wasiopenda kulipa. Mimi nazisoma kuwa ni hesabu ya watu wanaojua kuhesabu. Mama mboga anayetoa ada ya soko kila siku, kisha akawalipa vijana wamzolee taka na kumlindia kibanda usiku, analipia huduma moja mara mbili. Ukimwomba apande ngazi na kukata leseni, atakuuliza leseni hiyo itamwongezea nini.

Na hapa Machakos ina ushahidi wake, uliofanyiwa utafiti hadi ukajulikana duniani. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona wilaya hii kuwa imekwisha, udongo wake ukichukuliwa na maji. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoichunguza tena, katika kitabu walichokitoa mwaka 1994, walikuta idadi ya watu imepanda kutoka karibu 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na mmomonyoko umepungua. Matuta yalikuwa yamepanda vilima vyote. Serikali ilichangia, naam, lakini kazi kubwa ilifanywa na familia na vikundi vya mwethya, yaani vya kufanya kazi kwa kusaidiana, na ilishika kasi pale watu walipokuwa na uhakika kwamba shamba ni lao na kwamba mazao yatapata barabara ya kwenda sokoni Nairobi. Mkulima alichimba tuta kwa sababu aliona faida ya tuta ikibaki kwake. Sioni kwa nini mjukuu wake mwenye duka la vifaa vya ujenzi afikirie tofauti. Akiona ada yake imegeuka taa mbele ya mlango, atapaka ukuta rangi na kuongeza saa moja ya kufungua jioni bila kuhimizwa na ofisa yeyote. Wenzetu wa mbali walishalijaribu hili. Huko Toronto, treni ya chini ya ardhi ilipowaondoa wateja juu ya barabara mwishoni mwa miaka ya 1960, wafanyabiashara wa Bloor West Village waliiomba halmashauri iwatoze wote ada ya ziada kwa ajili ya mtaa wao. Utaratibu ulianza mwaka 1970 na tangu hapo umeigwa katika nchi nyingi. Walikuwa wafanyabiashara wa kawaida, nao pia walikuwa wameachwa na reli.

Wapo watakaosema mtaa hautatengenezeka mpaka wachuuzi waondolewe kwanza, wapelekwe ndani ya soko. Ni hoja yenye wafuasi wengi maofisini, na rekodi yake ni mbaya. Soko la Muthurwa lilifunguliwa Nairobi mwaka 2008 ili kuwatoa wachuuzi katikati ya jiji, lakini wachuuzi walirudi. Machinga Complex ya Ilala, Dar es Salaam, ilikamilika karibu mwaka 2010, na vizimba vyake vingi vilikaa vitupu miaka kadhaa kwa sababu mteja anayetembea barabarani hapandi ghorofani kutafuta soksi. Mchuuzi hukaa palipo na miguu ya watu. Anayetaka kumpanga ampimie nafasi kando ya njia, aichore mistari, amtoze ada ya haki na kumpa risiti, kisha askari wa kanjo walinde mstari huo badala ya kumfukuza mtu na kupora mzigo wake. Nakiri kwamba njia pana bila msimamizi hugeuka haraka kuwa steji ya bodaboda. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka fedha za kila mwezi za usimamizi, si fedha za ujenzi za mara moja.

Wanasheria watanikumbusha Kifungu cha 207 cha Katiba: mapato yote ya kaunti huingia katika Mfuko wa Mapato, ila yale ambayo Bunge limeyaondoa kwa sheria. Ni kweli, na mwaka 2023 Bunge lilifanya hivyo hivyo kwa hospitali za umma, likaziruhusu kubaki na kutumia mapato yao kupitia sheria ya uboreshaji wa vituo vya afya. Kabla ya kufika huko, bunge la kaunti lenyewe linaweza kuidhinisha mfuko maalumu chini ya Kifungu cha 116 cha sheria ya fedha za umma, au kuandika tu katika bajeti kwamba kiasi fulani kwa kila mtaa kitalingana na kilichokusanywa humo. Kikwazo ni nia, kwa maana fedha isiyo na jina ni rahisi kuihamisha.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Kaunti ina watu 1,421,932 kwa hesabu ya sensa ya 2019, na wengi wao hawaishi mjini. Mavoko ina viwanda vya saruji na eneo la biashara ya nje la Athi River. Masinga haina mitaa mingi ya kukusanya ada ya maana. Je, hatutakuwa tunawarudishia wenye nacho? Hofu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana nasema sehemu, wala si yote. Lakini tukumbuke kwamba mgao wa haki kutoka serikali ya kitaifa uliwekwa na Katiba hasa kwa ajili ya usawa. Huo ndio unaopaswa kupeleka maji na zahanati Masinga. Ada ya soko haikuwahi kuwa chombo cha usawa. Ni malipo ya huduma, na anayetoza malipo ya huduma bila huduma anachofanya kinajulikana kwa jina jingine. Isitoshe, mkulima wa Masinga akileta embe zake mjini hupita kwenye matope yale yale.

Kodi za vyumba zitapanda mtaa ukipendeza, na wapangaji wengine wataumia. Hilo halina dawa kamili. Manispaa inaweza kulipunguza kwa kutengeneza mitaa kadhaa kidogo kidogo badala ya kuupamba mmoja ukang'aa peke yake.

Kila mwaka, ndani ya siku 90 baada ya Sheria ya Matumizi kupitishwa, bunge la kaunti hulazimika kuupitisha Mswada wa Fedha unaotaja kila ada utakayotozwa, na kabla ya hapo wananchi lazima waitwe kutoa maoni. Vikao hivyo kwa kawaida hutawaliwa na malalamiko kwamba ada imepanda. Wafanyabiashara wa Machakos waende safari ijayo na dai moja lililoandikwa: kifungu kinachosema ni asilimia ngapi ya ada hiyo itarudi mtaani kwao, na nani atajibu isiporudi.