Mji Mdogo Ambao Wenyeji Wake Wanaufagia Wenyewe

Wagonjwa wengi wanaolala katika hospitali zetu waliletwa na magonjwa yaliyoanza nje ya nyumba, wala si ndani yake: katika mfereji uliozibwa, katika lundo la takataka nyuma ya soko, katika kipande cha chupa kilichofichwa na majani. Ukiwauliza, "Lundo lile ni la nani?" watajibu, "Si la mtu." Basi somo hili ni juu ya vitu visivyo vya mtu. Tutakwenda mbali kidogo, mpaka nchi ya Ayalandi, ambayo kwa Kifaransa tunaiita Irlande, tuone jinsi watu wa miji midogo ya huko walivyokubali kwamba kitu kisicho cha mtu ni chao wote.

Ayalandi ni kisiwa, upande wa magharibi wa Uingereza. Wazee wetu wa Katanga wanaijua kidogo, maana askari wake walikuwa katika jeshi la ONU lililokuja Kongo toka mwaka 1960 hata 1964, na 9 kati yao waliuawa karibu na Niemba mwezi wa Novemba 1960. Ni nchi ya mvua nyingi, ng'ombe na kondoo, na majani mabichi mwaka mzima. Leo watu wake wana mali kuliko sisi, lakini msomaji asifikiri kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa wa mimea uliharibu viazi, chakula cha maskini, na watu kama milioni 1 wakafa. Wengi wao hawakufa kwa njaa yenyewe. Walikufa kwa homa inayoletwa na chawa, kwa kuhara damu, na kwa magonjwa mengine yanayowafuata watu dhaifu waliosongamana mahali pachafu. Na kabla ya hapo, mwaka 1832, kipindupindu kiliingia katika mji wa Sligo kikaua watu wengi sana kwa majuma machache. Kwa hiyo tusiseme kwamba usafi ni mchezo wa watu wasiojua kipindupindu.

Kazi tunayotaka kuieleza ilianza hivi. Toka 1953 hata 1957 kulikuwa na desturi ya kusafisha nchi kila mwaka baridi inapokwisha, iwe tayari kwa sikukuu iliyoitwa An Tóstal. Mwaka 1958 ofisi ya serikali ya utalii, Bord Fáilte, iligeuza desturi hiyo kuwa mashindano kati ya miji na vijiji. Yanaitwa Tidy Towns, maana yake Miji Nadhifu. Tusifiche neno: kusudi la kwanza halikuwa afya, lilikuwa wageni na fedha yao. Lakini mtu akifagia kwa ajili ya mgeni, mtoto wake naye anacheza mahali safi.

Mwaka ule wa kwanza miji 52 iliandikwa. Ulioshinda ulikuwa Glenties, mji mdogo sana kaskazini-magharibi, katika milima ya Donegal, mahali penye upepo na udongo mbaya wa kulima. Ulishinda tena 1959, na 1960, na 1962. Kisha wakakaa miaka zaidi ya 30 bila kushinda, wakiendelea kufanya kazi, wakashinda mara ya tano mwaka 1995. Mimi naona miaka ile katikati ni ya ajabu kuliko tuzo zote tano. Siku hizi miji na vijiji zaidi ya 800 vinaandikwa kila mwaka, na wizara ya serikali ndiyo inayosimamia toka 1995.

Je, ni nani anayefanya kazi? Hapa watu wetu wanauliza upesi, maana wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaire, ambapo mtu alitoka na jembe kwa kuogopa mkubwa. Kule hakuna anayelazimishwa, wala hakuna anayelipwa. Kila mji una kamati yake: mwalimu aliyestaafu, mwenye duka, mama wa nyumbani, mkulima, pengine padri au mchungaji. Wanapanga jioni moja ya juma, au asubuhi ya Jumamosi, na yeyote anaweza kuja. Wakati wa joto jua la kule halitui upesi. Mwezi wa Juni mwanga unadumu karibu mpaka saa nne ya usiku. Basi watu wakitoka kazini wanakula kwanza, kisha wanakutana mahali pamoja, wanagawana njia, na kila kundi linakwenda kwake. Huyu anaokota takataka, huyu anang'oa magugu kando ya ukuta, yule anapaka rangi kiti cha watu wote au pampu ya zamani ya maji. Kazi ya saa moja na nusu tu, halafu chai.

Mtu mwingine atasema, "Je, serikali haina wafagiaji?" Inao. Halmashauri ya jimbo inalipa wafagiaji, inatoa mifuko, na gari lake huja kuchukua takataka zilizokusanywa. Tena sheria ya 1997 inaruhusu mtu anayetupa takataka njiani kutozwa faini papo hapo, na leo faini hiyo ni euro 150. Kamati haikuja kuondoa kazi ya serikali. Inafanya ile sehemu ambayo mshahara haufiki: ile kona ambayo gari halipiti, ile nyumba tupu ambayo mwenyewe amehamia Amerika. Na kamati ikiona serikali inalala, inaandika barua, tena na tena. Usafi bila barua hauondoi kisima kibovu.

Katika Biblia tunaona mpango wa namna hii. Ukisoma sura ya 3 ya kitabu cha Nehemia utaona jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa: wengi walitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba yao wenyewe. Kulikuwa na wafua dhahabu, watengenezaji wa manukato, hata mtu mmoja mkubwa pamoja na binti zake. Na kuna wakuu wa mji mmoja walioona aibu kuinamisha shingo zao kwa kazi, nao wameandikwa vilevile. Katika miji ya Ayalandi wakuu wa namna hiyo hawakosekani. Kamati nyingi zinalalamika kwamba mzigo unabebwa na wazee, na kwamba vijana wanapita wakisalimu tu. Kwa sababu hiyo zinakwenda katika shule, zinawapa watoto bustani yao wenyewe ya kutunza.

Sasa sisi wa kazi ya uuguzi tutazame jinsi wanavyookota, maana hapo kuna mafundisho ya mwili. Hawaokoti kwa mkono mtupu. Wana koleo refu la kushikia takataka bila kuinama, wana glovu nene, na wanavaa kizibao chenye rangi kali ili dereva awaone. Watoto hawaendi pasipo mtu mzima. Wakikuta sindano ya dawa imetupwa chini, hawaigusi kwa vidole na hawairudishii kifuniko chake. Wanamwita anayejua, naye anaitia katika chombo kigumu kisichotobolewa. Wakimaliza wananawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mambo haya yote yanawezekana hata kwetu. Asiye na koleo achonge mti wenye ncha, au apinde chuma. Asiye na glovu na avae mfuko mzito mikononi. Aliyechomwa na msumari au kioo aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku ile ile kuuliza habari za chanjo ya pepopunda.

Tena nataka msomaji aone tofauti moja, asije akaiga bila akili. Kule hakuna malaria leo. Kopo lililotupwa njiani Ayalandi ni aibu. Kwetu kopo lile lenye maji ya mvua ni nyumba ya mbu wa homa ya manjano na dengue, na tairi la zamani ni zaidi. Mbu wa malaria hupenda vidimbwi vya maji, kama vile vinavyobaki njiani penye mashimo na palipochimbwa udongo wa matofali. Watu wengi hukata majani wakidhani mbu huzaliwa ndani yake. Sivyo. Mbu huzaliwa ndani ya maji. Mwenye nguvu za siku moja tu azitumie kwanza kufukia kidimbwi na kumwaga makopo, ndipo akate majani.

Tuendelee na mashindano yenyewe. Wakati wa joto mwamuzi anatumwa katika kila mji. Haambii mtu siku atakayokuja. Anatembea kwa miguu, anatazama njia zinazoingia mjini, maduka, mitaa ya watu, bustani, mto, na namna watu wanavyopunguza takataka zao. Kisha anaandika. Kila mji, hata ulio wa mwisho, unapata taarifa yake yenye alama na maneno: hapa mmefanya vizuri, pale nyuma ya ukumbi kuna mabati yaliyooza. Mashindano mengi humpa mshindi kikombe na kumrudisha mwingine nyumbani na huzuni. Haya humpa kila mtu barua ya kumwonyesha kazi ya mwaka ujao. Ingekuwa shauri langu, ningeondoa tuzo na kubakiza taarifa. Lakini pengine bila tuzo watu wasingeisoma.

Waokotaji wa kule walijifunza mapema kwamba kuokota peke yake ni kama kupangusa sakafu huku bomba likimwaga maji. Mifuko ya plastiki ilikuwa juu ya kila ua na kila mti. Toka tarehe 4 Machi 2002 serikali iliamuru kila mfuko wa dukani ulipiwe kodi ya senti 15 za euro. Kabla ya hapo ilihesabiwa kwamba kila mtu alitumia mifuko 328 kwa mwaka. Baada ya kodi hesabu ikashuka kuwa 21. Watu wale wale, maduka yale yale. Mwezi wa Februari 2024 walianza jambo la namna hiyo kwa chupa za plastiki na makopo ya vinywaji: mnunuzi anaweka rehani ya senti 15 au 25, naye anarudishiwa akileta chombo kitupu. Mtoto anayeona kopo njiani sasa anaona fedha.

Jambo lingine limebadilika, nalo liliwasumbua wazee wa kamati. Zamani mji nadhifu ulikuwa mji wa majani yaliyonyolewa kama kichwa cha askari, na dawa ya kuua magugu kila mahali. Lakini nyuki walipungua. Kule kuna aina karibu 100 za nyuki, na wataalamu waliona kwamba theluthi moja ya aina hizo ziko katika hatari ya kwisha. Mwaka 2015 ulitolewa mpango wa kisiwa kizima wa kuwalinda, na leo waamuzi wanatoa alama kwa ajili ya viumbe vya porini. Basi kamati ziliacha kunyoa mahali pengine, zikaacha maua ya njano ya porini yachanue mwezi wa Aprili, wakati nyuki hana chakula kingine. Wengine walipita wakasema, "Hawa wamekuwa wavivu." Ikabidi kuweka kibao cha kueleza.

Katika hayo mji wa Abbeyleix una habari nzuri. Una watu wasiofika 2,500. Kando yake kuna kinamasi cha udongo mweusi, mali ya kampuni ya serikali iliyokuwa ikichimba udongo huo na kuukausha uwe kuni. Mifereji ya kukausha ilikuwa imekwisha kuchimbwa. Mwaka 2000 kampuni ilipotaka kuanza kuchimba, wenyeji walikataa. Hawakutupa mawe, walisimama, wakaita wataalamu, wakaandika, wakajadiliana miaka mingi. Mwaka 2009 mifereji ile ilianza kuzibwa ili maji yarudi, na mwaka 2012 wenyeji walikodishiwa mahali pale kwa miaka 50. Wametengeneza njia ya mbao juu ya maji, na mtu mzee anaweza kutembea humo bila kuzama. Mwaka 2023 Abbeyleix ulishinda mashindano ya nchi nzima. Kinamasi kile, ambacho baba zao labda wangekiita mahali pachafu, kilikuwa sehemu ya sifa yake.

Majibu ya mashindano yanatolewa wakati baridi inapoanza. Kamati inakutana, inasoma taarifa ya mwamuzi neno kwa neno, pengine kwa hasira, kisha inagawana kazi: nani atamwona mwenye lile bati, nani ataandika kwa halmashauri juu ya mtaro. Ndipo wanatoka na majembe madogo, katika mvua, kupanda vitunguu vya maua kando ya njia. Vinakaa chini ya udongo baridi yote, na mwezi wa Machi vinachipua.