Sikio la sungura likilala: ni kukua ao ni ugonjwa?

Katika parsele nyingi za Butembo na Beni, sungura ni nyama wa mtoto. Mtoto ndiye anamkatia majani na kumpa jina. Mama naye anajua kwamba siku moja sungura huyo atageuka daftari, kalamu na unifomu, kwa sababu shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini vitu hivyo si bure.

Basi sikio la sungura mdogo likianza kulala, nyumba nzima inaingia wasiwasi. Mtoto analia. Baba anasema achinjwe kabla hajafa. Sokoni mnunuzi anasema, "Huyu ni mgonjwa," kusudi ashushe bei. Mara nyingi sungura huyo ni mzima kabisa.

Masikio yanakua namna gani?

Sungura huzaliwa bila manyoya, macho yamefungwa, na masikio madogo yamelala juu ya shingo. Mashimo ya masikio nayo yamefungwa, bado hasikii. Katika juma la pili macho na masikio hufunguka. Akifikia majuma matatu hivi, anatoka kiotani na kuonja majani, na masikio yameanza kusimama.

Halafu yanakuja majuma yanayotutisha. Masikio yanarefuka haraka. Ndani ya sikio hakuna mfupa. Kuna gegedu, kitu kigumu kidogo kinachopindika, kama ncha ya pua yako. Gegedu ya sungura mdogo bado ni laini. Sikio likirefuka mbio kuliko nguvu zake, linainama. Leo la kushoto, kesho la kuume, kisha yote mawili yanasimama. Ni kama mvulana wa miaka 13 ambaye suruali imekuwa fupi: mwili unakimbia, haujapatana bado.

Pengine sikio halisimami tena, na bado si ugonjwa. Kuna sungura wa ukoo ambao Wafaransa wanaita bélier, maana yake kondoo dume. Hao masikio husimama utotoni, kisha huanguka kando ya kichwa na kubaki hivyo. Sungura wetu wengi ni mchanganyiko, kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kurithi sikio la babu ambaye hatukumwona.

Joto nalo linasema kwa masikio. Sungura hatoi jasho kama sisi. Damu inapita katika mishipa ya masikio ili joto litoke. Butembo iko juu milimani na kuna baridi, Beni iko chini na joto ni kali zaidi. Wewe wa Beni, ukikuta masikio ni moto sana na sungura anahema mbio, mpeleke kivulini, mpe maji, na usifunike kibanda kwa bati peke yake. Weka nyasi juu. Wewe wa Butembo, masikio ya baridi asubuhi yasikutishe kama anakula na kurukaruka.

Lini tuwe na wasiwasi?

Geuza sikio, tazama ndani. La sungura mzima ni safi, halina harufu. Sokoni pia, mwonyeshe hivyo mnunuzi anayesema sungura wako ni mgonjwa. Lakini ukiona dalili hizi, kuna shida:

– anatikisa kichwa na kujikuna kila mara;
– ndani mna magamba ya rangi ya kahawia ao njano, na harufu mbaya;
– kichwa kimepinda upande, ao anazunguka na kuanguka;
– sikio limevimba, ao ameacha kula.

Magamba hayo huletwa na upele wa masikio, wadudu wadogo sana wanaopita toka sungura mmoja hadi mwingine. Mtenge na wenzake siku ileile. Usibandue magamba kwa kucha, inamuumiza sana. Matone ya mafuta safi ya kula yanayalainisha, lakini dawa yenyewe iombe kwa veterineri, maana kipimo kinafuata uzito. Choma nyasi za kulalia, safisha kibanda, tazama masikio ya sungura wote. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Jambo hilo tulijifunza sote wakati wa Ebola, toka 2018 hadi 2020.

Tena, watoto wasimnyanyue sungura kwa masikio. Yamejaa mishipa na yanauma. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine ubebe matako.

Kazi ya juma kwa watoto

Mpe mtoto uzi. Kila siku ya posho apime sikio toka shina hadi ncha, aweke uzi juu ya rula, aandike katika daftari: tarehe, sentimita, limesimama ao limelala, anakula ao hapana. Baada ya majuma manane atakuwa na hesabu, sayansi na maandishi katika ukurasa mmoja. Na siku sikio litakapolala, kabla hamjachinja wala kuuza kwa bei ya hasara, mtafungua kwanza daftari la mtoto.