Siku ya kliniki isiwe siku ya kukosa mshahara

KILA mwaka ifikapo Agosti, wakulima na wafugaji wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara hukusanyika katika viwanja vya Themi, Njiro, jijini Arusha, kwa ajili ya maonesho ya Nanenane. Huangalia mbegu mpya, ng'ombe wa maziwa, mashine za kupura na pampu za kumwagilia. Mkulima hurudi nyumbani akiwa amejifunza namna ya kumtunza ng'ombe mwenye mimba: apewe chakula gani, apumzishwe lini kukamuliwa, na daktari wa mifugo aitwe wakati gani.

Swali ambalo halina banda katika maonesho ni la mfanyakazi mwenyewe. Yule mama anayechambua maharage machanga, anayefunga maua kwenye maboksi, anayechuma kahawa au anayeuza dukani, akipata ujauzito mwajiri wake anafanya nini?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukifungua daftari vizuri, utaona kuwa kumsaidia mama mjamzito kazini si sadaka. Ni hesabu ya kawaida ya biashara, na sehemu iliyo rahisi kuliko zote ndiyo inayosahaulika zaidi: kumpa siku ya kwenda kliniki bila kumkata mshahara.

Mkoa wa Arusha una sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Tangu kilimo cha maua kilipoanza kushika kasi chini ya Mlima Meru mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye mboga na mbegu kwa ajili ya soko la Ulaya, sehemu kubwa ya kazi za kuchuma, kuchambua na kufungasha imekuwa mikononi mwa wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Ongeza viwanda vya nguo na vyandarua, mashamba ya kahawa, hoteli na maduka, utaona kuwa ujauzito si tukio la ajabu kazini. Mwajiri mwenye wanawake 20 anapaswa kuutegemea kama anavyotegemea mvua za masika.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kiwango cha chini ambacho kila mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kukifikia, awe na shamba la hekta 50 au genge la nyanya. Mama anayejifungua mtoto mmoja anastahili likizo ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, ni siku 100. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na haruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita kupita tangu kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza.

Akirudi, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Sheria inakataza kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kazi za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, haziruhusiwi katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe ya kujifungua. Hili linagusa moja kwa moja mabanda ya kufungashia, ambako mzigo wa kuwahi ndege huweza kuwafanya watu wakeshe.

Marekebisho ya mwaka 2025 yalimwongezea muda wa likizo mama anayejifungua mtoto njiti.

Waajiri wengi hudhani kibarua wa msimu hahusiki. Si kweli. Sheria inasema mfanyakazi wa msimu naye anastahili likizo yenye malipo. Vilevile, aliyeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri yule yule, na jumla ya muda wake ikazidi miezi sita, anastahili. Kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito kumekatazwa, na aliyeachishwa kazi kwa sababu hiyo anaweza kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Pengo lilipo

Pamoja na mazuri hayo yote, sheria hiyo ilipotungwa haikutaja siku ya kliniki yenye malipo. Imeshughulikia kujifungua na kunyonyesha, ikaiacha ile miezi tisa ya katikati kwa utu wa mwajiri na nguvu ya chama cha wafanyakazi. Hapo ndipo mambo huharibika.

Kibarua anayelipwa kwa siku anajua kuwa akienda kliniki Jumatano, Jumatano hiyo haina posho. Anajua pia kuwa msimamizi akigundua ana mimba, huenda wiki ijayo jina lake lisiitwe getini. Kwa hiyo hufunga khanga vizuri, huvaa koti la kazi lililo pana na kunyamaza. Anaanza kliniki mwezi wa sita au wa saba, wakati tumbo limekwisha kusema lenyewe.

Takwimu za taifa zinaonyesha kuwa tatizo hili si la mmoja mmoja. Utafiti wa hali ya afya nchini wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani wanawake wote wajawazito hufika kliniki angalau mara moja, lakini ni asilimia 34 tu waliokwenda katika miezi mitatu ya mwanzo. Waliohudhuria mara nne au zaidi walikuwa asilimia 65. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mahudhurio manane, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12.

Kuchelewa kuna gharama mbili. Ya kwanza ni ya afya. Kliniki ya mapema ndiyo inayopima wekundu wa damu, shinikizo la damu, kaswende na virusi vya Ukimwi, na kuanza kutoa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Dawa ya SP ya kuzuia malaria hutolewa kuanzia kipindi cha pili cha ujauzito, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi kati ya dozi na dozi, angalau dozi tatu. Anayeanza mwezi wa saba hubaki na muda mdogo wa kuzimaliza kwa nafasi yake. Shinikizo la damu lisilogunduliwa linaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na upungufu wa damu usiotibiwa unaweza kugeuza utokaji damu wa kawaida wakati wa kujifungua kuwa kifo.

Gharama ya pili ni ya haki zenyewe. Sheria inamtaka mama kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Hesabu inaonyesha kuwa hiyo ni karibu wiki ya 27. Aliyeficha mimba hadi mwezi wa saba anakuwa amefika ukingoni. Hofu iliyomkosesha kliniki ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumtia kwenye mgogoro wa likizo. Kwa upande wake, mwajiri anapata habari akiwa amechelewa kutafuta mtu wa kushika nafasi.

Hesabu ya mwajiri

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh260,000 kwa mwezi kwa siku 26 za kazi, yaani Sh10,000 kwa siku. Mahudhurio manane ya kliniki, kila moja likichukua nusu siku, ni siku nne za kazi. Hiyo ni Sh40,000 kwa ujauzito mzima.

Likizo ya siku 84 kwa mshahara huo ni kama Sh728,000, ambazo mwajiri anadaiwa kisheria kwa vyovyote vile. Mwenye busara huweka akiba kidogo kidogo kila mwezi, kama anavyoweka ya mbolea.

Linganisha Sh40,000 hizo na hasara ya kumpoteza mfungashaji mzoefu. Anayejua kupanga waridi kwa urefu na kutambua ua lenye ugonjwa hapatikani getini asubuhi moja. Mgeni huharibu mzigo, na boksi moja lililokataliwa sokoni huweza kula faida ya mengi. Kadhalika, mjamzito mwenye upungufu wa damu huchoka haraka na kukosa kazi mara kwa mara bila taarifa. Siku nne zilizopangwa kwenye kalenda ni nafuu kuliko siku 10 zisizotarajiwa.

Upande wa mifuko ya jamii, mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kuwasilisha NSSF michango ya asilimia 20 ya mshahara, ambapo kwa kawaida nusu hukatwa kwa mfanyakazi. Miongoni mwa mafao ya mfuko huo ni fao la uzazi, kwa mwanachama mwenye michango ya miezi 36, kati yake 12 ikiwa imelipwa ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Kibarua anayeandikwa na kufutwa kila msimu bila michango hawezi kuufikia mstari huo hata akifanya kazi miaka 10. Mwajiri anayechelewesha michango, kwa hiyo, anamnyang'anya mama fedha ambazo hata si za kampuni.

Mambo ya kuanza nayo

Mpango wa kumsaidia mjamzito hauhitaji zahanati ya kampuni. Huduma za kliniki ya wajawazito katika vituo vya serikali zinatakiwa kutolewa bila malipo, na kwa walio Njiro, hospitali ya mkoa ya Mount Meru na vituo kama Levolosi na Kaloleni viko ndani ya jiji. Linalotakiwa kwa mwajiri ni utaratibu.

La kwanza, tangazo lililobandikwa mlangoni, kwa Kiswahili chepesi, kwamba siku ya kliniki ina malipo kwa anayeonyesha kadi, na kwamba ujauzito haumwondoi mtu kazini. Bila ahadi hiyo hakuna atakayejitokeza mapema.

La pili, kumhamisha mjamzito kutoka kwenye upuliziaji, uchanganyaji wa viuatilifu na ufuaji wa nguo za wapuliziaji, na kutomwingiza shambani kabla muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa haujaisha. Mashamba yanayouza nje yanalijua sharti hili, kwa kuwa masharti ya Fairtrade, kwa mfano, hayaruhusu wajawazito na wanaonyonyesha kushika dawa za hatari. Kuhamishwa kusimpunguzie mshahara, la sivyo ataficha.

La tatu, kiti kwa anayesimama kutwa, maji ya kunywa, choo kilicho karibu, na mizigo mizito ibebwe na wengine.

La nne, gari na namba ya simu inayojulikana na kila mtu, pamoja na mlinzi wa usiku, kwa dharura ya kutokwa damu au kuumwa uchungu ghafla.

La tano, kona safi yenye pazia ya kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kutenga chumba cha namna hiyo.

Arusha si mgeni wa kuunganisha kliniki na biashara. Chini ya mpango wa hati punguzo ulioanza mwaka 2004, mjamzito alipewa hati kliniki, akaipeleka duka la jirani na kununua chandarua kwa bei nafuu. Muuza duka naye alipata mteja. Katika miaka hiyo hiyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya dawa ya kudumu. Ilionekana wazi kuwa afya ya mama inaweza kupita dukani na kila mmoja akapata chake.

Wasio na mwajiri

Wapo ambao sheria hii haiwafikii kabisa. Katika mashamba ya nyanya ya Ngarenanyuki na bustani za mboga za Mlangarini, kibarua wa kwanza wa mkulima mara nyingi ni mkewe. Hana mkataba, hana likizo, na bomba la kupulizia likiwa limejaa ni yeye anayechota maji ya kuchanganyia dawa.

Kwa mkulima huyu hakuna mkaguzi wa kazi atakayefika. Lakini hesabu ni ile ile. Siku ya kliniki iandikwe kwenye kalenda ya shamba, pembeni ya siku ya palizi. Nauli yake itengwe wakati wa kuuza debe la kwanza. Dawa ipuliziwe na mwingine. Na fedha ya gari la usiku iwekwe kwenye simu mwezi mmoja kabla.

Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Nchi imepiga hatua kubwa. Lakini kila mmoja katika hao 104 alikuwa na mahali alipokuwa akifanya kazi, na mtu aliyekuwa akimpangia ratiba ya siku. Mtu huyo, awe meneja, mwenye duka au mume, anaweza kuanza wiki hii kwa swali moja tu: kliniki ni lini?