Mahali pa Kuchukulia Bastola Mwituni

Huko Alaska na Montana, katika Marekani, wawindaji huenda kwa miguu mbali na barabara, katika nchi yenye dubu. Wengine, pamoja na bunduki, huchukua bastola ya kujikinga. Hatari huzidi mnyama akiisha kuuawa: mwindaji ameinama akichuna, bunduki ameiegemeza mtini, na harufu ya damu huweza kumvuta dubu. Saa hiyo bastola iliyomo ndani ya shanta haifai kitu.

Basi ichukuliwe wapi? Kiunoni husongwa na ukanda wa shanta na kumchubua mtu nyonga. Ikifungwa kwenye shanta yenyewe, hutuliwa pamoja na mzigo. Kwa sababu hiyo wengi hupenda ala ya kifuani, yenye kanda zipitazo mabegani chini ya shanta. Mzigo ukituliwa, bastola hubaki mwilini, karibu na mkono.

Ala njema hufunika kifyatulio kabisa. Tena yafaa kuijaribu nyumbani, bastola ikiwa haina risasi, na shanta iliyojaa mgongoni. Kwani kimsumbuacho msafiri huvuliwa njiani, na silaha iliyovuliwa haimwokoi mtu.