Juala la viazi? Inawezekana, ila ujue kuchanganya

Viazi vya Kiirua, kule Meru, wewe unavijua kama chipsi. Lakini kiazi kina wanga, na wanga ukipikwa vizuri hugeuka plastiki. Hapana, si utani.

Kwaruza viazi kadhaa, vioshe ndani ya maji, kisha yaache maji hayo yatulie. Unga mweupe unaobaki chini ndio wanga. Chukua kijiko kikubwa kimoja cha huo wanga, vinne vya maji, kijiko cha chai cha siki na kingine cha gliserini, ile ya kupaka ngozi. Koroga kwenye moto mdogo hadi upate uji mzito unaong'aa, upake juu ya sahani, uanike siku mbili hivi.

Sasa rudia bila gliserini. Utapata kitu kinachovunjika kama biskuti. Gliserini hupenya katikati ya minyororo ya wanga na kuifanya iteleze, ndipo plastiki inajikunja bila kupasuka. Ukizidisha, inanata na kulegea. Na hata ukipatia kipimo, shida kubwa bado ipo: maji. Plastiki ya wanga mtupu ikilowa, kwisha.

Ndiyo maana viwandani hawategemei mmea mmoja. Kuna PLA, inayotokana na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa. Ni ngumu na inang'aa, lakini huvunjika upesi na hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kwa hivyo usiimwagie chai moto. Kuna pia PBAT, inayovutika kama yale majuala ya zamani na inayoweza kuoza, ingawa kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya petroli (hapo wauzaji hunyamaza). Ukichanganya hizo mbili unapata ugumu na mvuto pamoja, na wanga ukiongezwa hupunguza bei. Tatizo ni kwamba wanga hupenda maji na PLA huyakataa, hivyo lazima kiwepo kiungo cha kuzishikanisha, la sivyo karatasi inachanika ovyo.

Kwa hivyo ukiona imeandikwa "inaoza", uliza: inaoza wapi? PLA huhitaji mboji yenye joto la karibu nyuzi 58. Udongo wa shamba la Kiirua haufiki hapo.

Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Kenya, na faini huanzia Sh2 milioni. Kabla ya kuuza chochote, ongea na NEMA.

Mimi ningeanza na vifuko vya miche. Hapo kulainika kwa maji ni faida: unapanda mche na kifuko chake. Lakini wanga mtupu utaporomoka kabla mche haujakomaa, kwa sababu unaumwagilia kila mara. Jaribu vipimo vitatu tofauti vya mchanganyiko, vifukie kwenye udongo uleule, viwekee alama, kisha ufukue kila wiki uone kipi bado kimeshika.